Picha ya Ornella

Mwezi uliopita walituita tule. Hoteli ni ile iliyo kando ya ziwa, ukielekea kivuko cha mpaka cha Grande Barrière, na chakula kilipangwa kwenye meza ndefu kiasi kwamba mtu aliyeanzia kwenye saladi akiwa kijana angefika kwenye nyama akiwa na wajukuu. Ilikuwa sherehe ya benki ya picha, sisi wapiga picha wa zamani tuliokuwa tukitoa picha zetu bure ili mashirika ya afya ya dunia nzima yazitumie katika mafunzo, mabango na ripoti zao. Walizionyesha ukutani kwa mashine, moja baada ya nyingine, wakunga, vyandarua, mizani, mabomba ya maji, huku muziki laini ukipigwa kama kwenye arusi ya watu wasiopendana. Kisha wakanipa kipaza sauti, kwa kuwa inajulikana kwamba Innocent akipewa kipaza sauti hakuna atakayesinzia. Nikawasimulia nilivyotumbukia ziwani na kamera ya watu, nikaiinua juu kwa mikono miwili, mimi nikazama, yenyewe ikabaki kavu. Ukweli ni kwamba maji yalinifika magotini, lakini wageni walitoka mbali, sikuona sababu ya kuwapa maji ya magotini. Walicheka mpaka mzungu mmoja akaomba kitambaa. Dido, tuliyekuwa naye tangu mwanzo, hakucheka. Alimaliza samaki wake, akanawa, akanikuta nje kwenye maegesho ya magari.

"Uliwaambia ya Mama Ornella?" akaniuliza.

"Watu walikuwa wanakula, Dido."

"Banakula kila siku, sha," akasema, akapanda pikipiki yake akaenda.

Basi ya Mama Ornella ndiyo hii. Wazazi wangu, nilikozaliwa, na tulivyofika Gisenyi, mji huu wa Rwanda uliogusana na Goma ya Kongo, hayo nayaacha yalale. Nataka mwaka mmoja tu, ule niliokuwa kijana mwenye meno yote, mwanafunzi wa masomo ya jioni, ninayelala chumba kimoja na Dido kule Mbugangari. Chumba kile kilikuwa kidogo hivi kwamba mmoja wetu akitaka kuvaa suruali ilibidi mwingine atoke nje. Ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa wa mbao, na nyuma yake waliishi mtu na mkewe ambao ugomvi wao tuliufuata kama redio. Walipopatana wiki nzima tuliona maisha hayana ladha. Tulikula maharage na viazi, siku njema tukaweka sambaza wa kukaanga juu yake, na Dido alikuwa na tabia ya kuwahesabu wale samaki kwa macho kabla sijakaa. Jioni nilikwenda shule. Darasa lilikuwa la watoto wa msingi, wao wanatoka na sisi tunaingia, na madawati yalikuwa yao pia, kwa hiyo miaka ile yote nilisoma magoti yakiwa karibu na masikio. Mbele yangu alikaa mwanajeshi mstaafu, nyuma mama mmoja muuza mitumba aliyekuwa akinikumbusha jibu kwa kunichoma na kalamu mgongoni. Nimesoma, na diploma ninayo. Nimeiandika hapa kwa sababu kila niendapo watu huniuliza nilisoma wapi, na nikisema usiku wananiangalia kana kwamba niliiba.

Kazi yetu ilikuwa ufukweni. Jumapili mji mzima hushuka ziwani, maharusi, wanakwaya, vijana waliovaa miwani ya kukopana, na sisi tunawapiga picha wakiegemea minazi ile mifupi ambayo nadhani imeegemewa kuliko ukuta wowote wa Afrika ya Kati. Kulikuwa na desturi pale isiyoandikwa mahali. Ukimpiga mtu picha, picha ni yake, wewe umeishika tu. Jumapili inayofuata unasimama palepale mliposimama naye, bahasha iko kifuani, unamngoja. Asipotokea unairudisha nyumbani, na Jumapili nyingine unakuja nayo tena. Dido alikuwa na boksi la viatu limejaa watu waliokwisha kuhama, kuolewa hata kuzikwa, naye hakumtupa hata mmoja. "Mwenyewe anaweza kuja," alikuwa akisema, hata juu ya marehemu. Aliyepiga asirudishe, huyo hakukaa ufukweni. Alikuwapo mmoja aliyetoka Ruhengeri akawapiga picha wanakwaya wa Mahoko asionekane tena. Aliporudi baada ya mwaka, wapiga picha wenyewe walimpokonya kamera na kumwambia aende akauze mandazi.

Ni hapo ufukweni alipotukuta Bi Consolata. Alikuwa amekulia Karagwe, Tanzania, akarudi nchini mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa kimefuliwa, kimeanikwa, kimepigwa pasi. Sisi wa mpakani tunasema lugha kama tunavyobeba mizigo, vyovyote ilimradi ifike. Yeye alisema "kaka zangu, naomba radhi kwa kuwakatiza," na Dido akageuka nyuma kuona anazungumza na nani. Alitueleza kuhusu benki ya picha. Duniani kuna watu wanaofundisha wauguzi, wanaotengeneza mabango ya chanjo, wanaoandika vitabu vya lishe, na hawana picha za kweli. Tukitoa zetu, tutakuwa tumesaidia watu tusiowajua. Tutaazimwa kamera kwa mwaka mmoja. Nilipoiona ile kamera nilinyamaza, jambo ambalo halijarudiwa. Ilikuwa na jicho refu kiasi kwamba ukisimama Gisenyi ungeweza kumpiga mtu wa Goma akisukutua mdomo, ukaona na alichokula.

Kwenye mafunzo tulipewa Fanta na chapati, na masharti. Omba ruhusa kwanza. Usimpige mtu akiwa hana nguo. Usiandike jina la mtoto popote. Kila Ijumaa leta kadi ya kamera ofisini, Jumatatu utarudishiwa ikiwa tupu. Na usimwahidi mtu chochote. Hapo Dido aliinua mkono.

"Bon, dada, picha ya mwenyewe anapewa lini?"

"Picha zinakuwa mali ya benki, kaka. Zikishachujwa, tutaona utaratibu."

"Donc, mi napiga mutu, naenda?"

"Kwa heshima zote, ndiyo."

Dido alikunywa Fanta yake akiwa ameikunja sura kama anayekunywa dawa ya minyoo. Njiani aliniambia kwamba kazi hiyo kwao ina jina lake. Nikamwambia acha, hawa ni watu wa afya, wana utaratibu. Neno hilo, utaratibu, lilinipendeza sana mwaka ule. Nililitumia hata kuagiza chai.

Mwezi wa pili tulipelekwa Cyanzarwe, kwenye jiko la kijiji. Huko akina mama wenye watoto waliopungua uzito hukutana uani kwa mshauri wa afya, kila mmoja na alicholima, huyu viazi, yule karoti, mwingine maharage ama mchicha wa lengalenga, vyote vinaingia chungu kimoja na unga wa sambaza juu yake, watoto wanakula pamoja, mama zao wanajifunza. Udongo wa kule ni mweusi, mawe ya volkano yamepangwa kuwa kuta, na moshi wa lile jiko ulikuwa unatulenga sisi wenye kamera peke yetu. Bi Consolata alisema, kwa upole wake, kwamba angependa akina mama wapigwe wakiwa kama walivyo siku zote. Mshauri wa afya akaitafsiri kwa Kinyarwanda. Kufumba na kufumbua uani hakukuwa na mtu. Walikuwa wamesikia neno picha, na hakuna mwanamke wa Cyanzarwe ambaye atapigwa picha akiwa kama alivyo siku zote, walikwenda kubadili nguo, na mshauri wa afya pamoja nao. Tulibaki sisi watatu na chungu, na Dido ndiye aliyekikoroga kisiungue. Walirudi na vitenge vya kanisani, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa kama sahani, mmoja amevaa tai. Bi Consolata alikaa juu ya jiwe akasema, "Basi, Mungu ni mwema."

Mama Ornella alikuja wa mwisho kwa kuwa nyumba yake ilikuwa mbali zaidi. Alikuwa mrefu, ana mwanya, anauza karoti Goma kila siku kupitia Petite Barrière, na sauti yake ilizoea kuvuka mpaka kabla yake. Mgongoni alikuwa na Ornella, wa mwaka mmoja na kitu, gauni la njano, kofia nyeupe yenye mpira ukingoni, viatu ambavyo miguu miwili ingeenea katika kimoja. Alinitazama, akaitazama kamera.

"We Photo, hiyo ni kamera ao ni bunduki ya kutungua ndege?"

"Ni kamera, mama. Ikikupiga huumii."

"Wanaume wote wanasema vile," akasema, na akina mama wakaangua kicheko mpaka watoto wengine wakalia.

Watoto wakapimwa mkono. Ule utepe wa karatasi unaozungushwa kwenye mkono wa mtoto juu ya kiwiko una rangi tatu. Nyekundu ni hatari, njano ni mashaka, kijani ni uzima. Ornella alipoanza jikoni pale alikuwa kwenye nyekundu, ngozi na macho tu. Siku ile mshauri wa afya alimkunjia mkono wa gauni, akazungusha utepe, akauvuta, na ilikuwa kijani. Akausoma tena. Ornella mwenyewe aliukamata ule utepe ukiwa bado mkononi, akauinamia, akauuma kwa meno yake mawili, akanitazama mimi akicheka na utepe mdomoni. Nikabonyeza. Nimepiga watu maelfu, na nikisema maelfu mnisamehe nusu, lakini picha nzuri kuliko ile sijaipiga. Uso wote ulikuwamo, kofia imekwenda upande, mate yanamwagika, na kijani inasomeka. Niliwaonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera wakajazana vichwa mpaka mimi nikawa nje ya duara.

Kisha Mama Ornella alinivuta kando, akashusha sauti, kwake sauti ya chini ikiwa ni ile ya watu wa kawaida.

"Sikia, Photo. Mama-mukwe yangu iko Birere, pale Goma. Huyu mutoto alipokonda, alikuja, akamuona, akasema mbele ya watu, huyu hatavuka mvua mbili. Alisema mi najua kuuza karoti, kulea sijue. Na bwana yangu iko kwake, anasikia kila siku. Mi nataka hii picha. Nitaipeleka, nitaiweka juu ya meza yake, sitasema kitu. Nitaomba tu maji ya kunywa."

"Nitakuletea," nikasema.

Kwenye gari Bi Consolata alinigeukia. "Kaka Innocent, tulikubaliana hatuahidi."

"Sikuahidi, dada. Nilisema tu nitaleta."

Alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, nalitaja hilo kwa sababu ya yanayofuata, ili mtu asije akadhani ninamsimulia mchawi.

Ijumaa nikapeleka kadi. Niliomba nakala ya picha ile moja, Bi Consolata akaliandika ombi langu mwenyewe, akasema zikishachujwa. Jumatatu kadi ikarudi tupu kama alivyosema. Tangu hapo Mama Ornella akawa anapita ufukweni akitoka Goma, beseni limekwisha karoti, na wapiga picha wote wakajua nina mgeni.

"We mwizi wa sura, picha yangu iko wapi?"

"Iko kwenye utaratibu, mama."

"Hiyo Utaratibu ni mutaa gani nimfuate?"

Na wenzangu wakajazia. Walimshauri anifungie ndani, walimshauri anioe. Dido peke yake hakutania; alikuwa akiinamia kamera yake na kufuta kioo kisicho na vumbi. Siku moja nikamwambia Mama Ornella amlete mtoto Jumapili nimpige nyingine kwa kamera yangu, aondoke na karatasi siku inayofuata. Alinishangaa. "Ingine ya nini? Ingine itaonyesha mutoto amevaa. Ile inaonyesha mutoto amepona." Ubatizo wa Ornella ulipofika, jirani zake walipanda na watoto wao Mahoko, kwenye studio, yeye hakwenda. Alisema yake iko tayari, ilipigwa na kamera ya dunia, inangojewa tu. Hata nguo ya ubatizo hakuna picha yake. Sisi wa ufukweni ndio tuliowafundisha watu hivyo, kwamba ukishapigwa umekwisha kupata, iliyobaki ni kungoja.

Mvua za mwezi wa nne mwaka ule zilikuwa za wazimu. Mto Sebeya ulifurika ukapita na choo cha mwalimu wetu wa hesabu, choo chote, na mlango wake. Jambo hilo lilituchekesha darasani kwa wiki nzima. Nilikuwa bado ninalisimulia ufukweni, nikiongeza kwamba mwalimu mwenyewe alikuwamo, alipokuja mama mmoja wa Cyanzarwe, wale wanaovuka pamoja na Mama Ornella, akaniambia Ornella hayupo. Kifua. Ilianza Jumamosi kama mafua, wakampeleka kituo cha afya, wakampa rufaa ya hospitali, njia ilikuwa matope, alifika akiwa hawezi kuvuta pumzi. Alizikwa Jumanne. Mama-mkwe alivuka mpaka akaja msibani, akakaa mkekani, na walipomletea chai akasema kwa sauti ya kusikika, "Mi nilisema." Mvua ya pili aliyoisema ndiyo hiyo iliyokuwa inanyesha juu ya bati.

Mama Ornella alikuja mwenyewe baada ya siku chache. Beseni hakuwa nalo. Alikaa kwenye ukingo wa saruji, akavua viatu vya plastiki, akavikung'uta mchanga, akavishika.

"Leo sikuje kucheka, Photo. Twende tu kule kwenye iko."

Tukaenda, mimi, yeye na Dido, ambaye hakualikwa na hakuulizwa. Ofisi ilikuwa juu, nyumba ya Wabelgiji wa zamani, mapazia ya maua, meza yenye chupa ya chai na sambusa chini ya kitambaa. Ukutani walikuwa wamebandika picha zilizochaguliwa robo ile. Bi Consolata alipoambiwa aliinuka, akamshika Mama Ornella mikono yote miwili, akamkalisha, akammiminia chai kwa mkono wake. Machozi yalimtoka na yalikuwa ya kweli. Kisha akafungua kompyuta, akatafuta, akapiga simu Kigali, akaongea Kiingereza, akangoja, akaongea tena. Kupitia mlango tulisikia wahasibu wawili wakibishana kama ndizi za kuchoma za jana zilikuwa mbichi. Alipokata simu alikaa sawasawa, mikono juu ya meza.

"Mama, nisikilize vizuri. Picha ipo. Ilipendwa sana, ilichaguliwa. Lakini picha za watoto walio chini ya miaka mitano, zikiingia kwenye benki, hukatwa uso. Ni sheria ya kumlinda mtoto. Kilichobaki ni mkono na utepe."

Mama Ornella alikuwa anamsikiliza kwa adabu ya mtu anayesemeshwa kwa lugha yake iliyovaa suti.

"Uso waliuweka wapi?" akauliza.

"Hawakuuweka, mama. Ulifutwa."

"Na ile ya kwanza? Ile mzima, Photo alileta?"

"Nayo ilifutwa baada ya kukatwa. Ndivyo sheria inavyotaka."

"Wanamulinda na nani?"

"Na watu wasiomjua. Kuna watu wabaya, mama, wanaochukua sura za watoto na kuzitumia vibaya."

"Na mimi?"

Wale wahasibu walikuwa wamefika kwenye pilipili. Dido alisimama, akaenda ukutani, akawa anatazama picha zilizobandikwa kwa karibu, moja moja. Nilijua anachotafuta na nilijua hatakipata. Bi Consolata aliomba, kama inaweza kusaidia, amchapishie huo mkono hapohapo, ingawa taratibu hazisemi hivyo, na yeye atawajibika. Mama Ornella akashukuru, akasema hapana. Aliinywa chai yote, kwa kuwa kukataa chai ya mtu aliyekulilia si adabu, akavaa viatu vyake, akatoka.

Nimekaa na sheria ile miaka mingi, nimeigeuza kila upande, na ni sheria nzuri. Nikiletewa leo nitatia sahihi. Mimi mwenyewe nina watoto na sipendi sura zao zizungukezunguke. Yaani, laiti ingekuwa sheria ya kijinga ningekuwa nimeisimulia pale hotelini watu wakacheka wakamaliza. Kinachonikera ni kwamba katika watu wote waliokaa mahali fulani wakaiandika, wakaisoma, wakaipigia makofi, hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba kabla ya kuufuta uso wa mtoto unaweza kumpa mama yake kwanza. Haikuwa siri wala kazi ngumu. Yule mtu wa Ruhengeri tulimpokonya kamera kwa kwaya. Hawa tuliwaletea kadi wenyewe kila Ijumaa, tumechana nywele.

Niliirudisha kamera kabla mwaka haujaisha, na Dido alirudisha yake siku hiyohiyo bila kuzungumza lolote. Shule niliendelea nayo. Mama Ornella alirudi kwenye karoti lakini hakupitia ufukweni tena. Alizunguka kwa juu, barabara ya soko, mzigo kichwani, njia ndefu zaidi.

Ilikuwa karibu na Noeli alipokuja chumbani kwetu Mbugangari, asubuhi, mimi nikiwa napiga pasi shati. Alisimama mlangoni kwa kuwa ndani hapakuenea. Akasema pale kwenye kituo chao cha afya wamebandika afishi mpya, bango la karatasi.

"Ni mukono ya mutoto wangu. Mi niliogesha ile mukono kila siku, siwezi kuikosea. Kesho namvusha mama-mukwe. Nimemuambia namupeleka kupimwa presha. Ukuje, Photo. Ukuje na mdomo yako yote."

Nikaenda. Afishi ilikuwa ukutani kwenye baraza wanakosubiri, kubwa, ya karatasi inayong'aa, kijani ya utepe inaonekana tangu getini. Mkono ule mdogo ulikuwa mkubwa kuliko mtu mzima. Unaona vipele vya baridi, unaona mkunjo wa gauni la njano pembeni, na juu kabisa, pale karatasi inapoishia, kuna kitu cheupe cheupe ambacho kwa mtu mwingine si kitu. Ni ukingo wa kofia. Maandishi yalisema mpime mtoto wako. Mama-mkwe alikuwa mwanamke mfupi, safi, kitenge cha wax, mkoba kwapani. Mkwewe alimleta mpaka mbele ya ile karatasi, akamwachia mkono.

"Mama, tazama. Huyu ni Ornella. Hii rangi ni ya kupona. Alikuwa amepona mikononi mwangu, mbele ya mvua kuja."

Yule mama alitazama kwa muda. Alisogea, akarudi nyuma. Muuguzi alipita akatuambia tusiiguse, inachafuka, na hakuna mtu aliyekuwa ameigusa.

"Hii ni mukono ya mutu yoyote," mama-mkwe akasema. Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayerudisha bidhaa dukani.

"Photo, muambie," Mama Ornella akasema.

Nikamwambia. Nilimwambia lile jiko, gauni, utepe, meno mawili, kicheko, na kwa mara moja maishani sikuongeza kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"We unajulikana kama nani?"

"Mimi ndiye niliyepiga, mama." Na kwa kuwa hakuonekana kuniamini, nikamwonyesha pembeni chini, kwenye herufi ndogo nilizoziona nilipofika, ambapo walikuwa wameandika Picha, kisha jina langu lote, la kwanza na la ukoo, bila kosa lolote.

Alifungua mkoba akatoa miwani, akainama, akasoma polepole.

"Na jina ya mutoto iko wapi?"

"Hawaandiki, mama. Ni sheria."

Alikunja miwani akairudisha. "Basi hii mukono ni yako," akaniambia. "Si yetu."

Akamuuliza mkwewe presha wanapimia mlango gani. Mama Ornella akamwonyesha, akambebea mkoba, wakaenda kupanga foleni.